Mkojo Unaleta Habari ya Moyo

Wengi kati yetu tunaishi na ugonjwa wa tansiyo. Kichwa kikiuma tunakunywa dawa. Kikipoa, tunaficha vidonge mpaka siku ingine. Tunasema tansiyo inaletwa na mawazo tu, na mawazo yakiisha nayo imeisha. Lakini tansiyo inaweza kuharibu mwili miaka mingi bila maumivu yoyote. Kuna kipimo kinachoweza kuonyesha uharibifu huo mapema: kutafuta albumini ndani ya mkojo.

Albumini ni protini inayotengenezwa na ini na kutembea ndani ya damu. Figo zetu ni kama kitambaa cha kuchujia. Kila figo ina vichujio vidogo sana karibu milioni 1. Vinapitisha maji na uchafu, lakini albumini karibu yote inabaki katika damu. Tansiyo ikikaa juu, mishipa midogo ya vichujio hivyo inachoka, na albumini inaanza kuvuja.

Basi moyo unaingia wapi? Damu inayosukuma kwa nguvu ndani ya figo ndiyo hiyohiyo inayosukuma ndani ya moyo na ubongo. Mishipa ikivuja huku, mara nyingi na kule imeumia. Kwa hiyo mwenye tansiyo na albumini ana hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo ao kupooza kuliko mwenye tansiyo bila albumini. Tangu 1827, muganga Richard Bright wa London aliandika juu ya wagonjwa waliovimba mwili, ambao mkojo wao uliganda ulipopashwa moto.

Katika laboratwari, chini ya miligramu 30 za albumini kwa gramu 1 ya kreatinini ni kawaida. Toka 30 mpaka 300 ni onyo. Kupita 300, hatari imezidi. Bandeleti ya kawaida inaweza kukosa albumini iliyo kidogo. Homa, ambukizo la mkojo ao siku za mwezi vinaweza kudanganya kipimo. Ndiyo maana muganga anaomba kirudiwe.

Albumini ikionekana, tusikate tamaa. Tansiyo ikishuka, mara nyingi nayo inapunguka. Tunywe dawa kila siku, hata tukijisikia vizuri. Kuna dawa za tansiyo zinazolinda figo, lakini zingine zinaumiza mtoto tumboni; mwenye mimba ao anayetafuta mimba amwambie muganga. Chumvi ya siku nzima isipite gramu 5, ni kama kijiko kidogo cha chai. Makayabu tuyaloweshe na kumwaga maji mara nyingi mbele ya kupika.

Kwa mama mwenye mimba, tansiyo ya juu pamoja na protini ndani ya mkojo ni jambo la haraka. Kichwa kikimuuma sana, ao macho yakiona giza, asingoje kesho: apelekwe materinite mara moja.

Tunajua kipimo kinaomba feza, na nyumbani feza inaanzia kwa watoto. Lakini tunachanga kwa matanga na kwa arusi. Likelemba yetu inaweza pia kumsaidia mama mmoja kila mwezi apime mkojo wake. Tuzungumze jambo hilo katika mkutano wetu ujao.