Impavidus, Jasiri na Mkuki wa Otenyo: Tafakuri Juu ya Maana ya Kutoogopa

Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na kivumishi cha Kilatini impavidus, kamusi humpa jibu la haraka: 'asiyeogopa'. Naye, kwa haraka iyo hiyo, huandika 'jasiri' na kuiendea sentensi inayofuata. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa haraka hiyo ina hasara yake. Kutoogopa na kuwa jasiri ni mambo mawili, na Kiswahili kina utajiri wa kutosha wa kuyatenganisha. Ili hoja isielee hewani, tutaipima kwa kisa kinachosimuliwa hadi leo katika kaunti za Kisii na Nyamira: kisa cha Otenyo Nyamaterere na Moraa Ng'iti, mwaka 1908.

Huenda msomaji akauliza Kilatini kinahusiana nini na nyanda za juu za Wagusii. Kinahusiana. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua kituo chao Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911, na hadi miaka ya 1960 Misa ilisomwa kwa Kilatini. Vizazi kadhaa vya Wagusii viliitikia lugha hiyo kabla ya kujua maana ya kila neno lake. Ni haki yetu basi kuliuliza neno lake moja maana yake.

Umbo na maana ya impavidus

Neno hili limeundwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni kiambishi cha ukanushi in-, na ya pili ni kivumishi pavidus, 'mwenye hofu', kinachotokana na kitenzi pavere, yaani kushikwa na hofu hata kutetemeka. Sauti /n/ ya kiambishi hugeuka kuwa /m/ inapotangulia /p/, jambo ambalo halitamshangaza mwanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili: nasi husema 'nguo mbovu' kwa sababu iyo hiyo ya usilimisho wa nazali. Aidha, kama vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli, neno hili hubadilika kwa kufuata jinsi ya nomino: impavidus kwa ya kiume, impavida kwa ya kike na impavidum kwa isiyo ya kiume wala ya kike.

Lina ndugu yake, intrepidus, ambalo hutokana na trepidus, 'mwenye kuhangaika, mwenye kubabaika'. Kwa hiyo, ijapokuwa kamusi nyingi huyapa maneno haya mawili fasiri moja, la kwanza linakanusha mtetemeko wa hofu ilhali la pili linakanusha babaiko lake.

Matumizi mashuhuri ya impavidus yamo katika shairi la 3 la kitabu cha 3 cha tungo za Horace, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo. Humo anasawiriwa mtu wa haki mwenye msimamo, ambaye hata mbingu zikipasuka na kuanguka, vifusi vyake vitampiga bila ya yeye kutetemeka. Tuzingatie kwamba mtu huyo hatendi chochote. Anasimama tu. Impavidus ni neno la hali, si neno la tendo.

Kiswahili kinasemaje?

Kiswahili hakina kiambishi kimoja cha kukanusha kivumishi namna ya in-. Badala yake hutumia kirejeshi kanushi, na hapa ndipo utajiri wake unapojitokeza. Tunaweza kusema 'asiyeogopa', yaani hofu haimo ndani yake. Tunaweza kusema 'asiyetishika', ambapo kiambishi cha kutendeka kinatwambia kuwa vitisho vimeletwa lakini havikufaulu. Tunaweza pia kusema 'asiyetetemeka' na 'asiyebabaika'. Kwa maoni yetu, fasiri iliyo karibu zaidi na mtu wa Horace ni 'asiyetishika', na iliyo karibu na intrepidus ni 'asiyebabaika'.

Maneno yetu ya kusifia, hata hivyo, hayana ukanushi hata kidogo. 'Jasiri' limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuthubutu na pia ya kuvuka. Neno la Kiarabu la daraja, jisr, ni la mzizi huohuo. Jasiri, kwa asili ya neno, ni mtu anayevuka. 'Shupavu' linahusiana na kitenzi 'shupaa', yaani kuwa gumu, kukakamaa. Ndiyo maana linaweza kumsifu mtu na pia kumlaumu kwa ukaidi. 'Shujaa' nalo ni jina ambalo mtu hupewa na wenzake, aghalabu baada ya tukio. Anayejiita shujaa huchekwa. Zaidi ya hayo, tuna msemo wa 'kupiga moyo konde'. Moyo unaopigwa konde ni moyo uliokuwa ukisita. Msemo huu unakiri kuwa hofu ilikuwepo, na kwamba mwenyewe aliishinda.

Kisa cha mwaka 1908

Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi cha kijeshi katika nchi ya Wagusii, na watu wengi waliuawa kwa bunduki. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha utawala mahali palipokuja kuwa mji wa Kisii, chini ya Geoffry Northcote, afisa kijana ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, mtu wa Kitutu, alimchoma Northcote mkuki mgongoni. Northcote hakufa. Alipona, akaendelea na kazi, na miaka mingi baadaye, mwaka 1937, akawa Gavana wa Hong Kong.

Nyuma ya mkuki huo masimulizi yanamweka mwanamke: Moraa Ng'iti, jamaa wa Otenyo, aliyeheshimiwa kwa uganga na utabiri wake. Yasimuliwavyo, aliwakemea wanaume walionyamaza mbele ya wageni, akawahimiza kupigana. Kilichofuata kilikuwa kilio. Serikali ilituma kikosi cha kuadhibu. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa na ng'ombe wengi wakatwaliwa. Mauaji yalifikia kiwango cha kumfanya hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni mjini London, kupeleka simu ya kuyalalamikia. Kuhusu mwisho wa Otenyo, masimulizi ya Wagusii yanasema alikamatwa, akauawa, na kichwa chake kikapelekwa Uingereza.

Kupima maneno kwa kisa

Je, Otenyo alikuwa impavidus? Mwandishi wa makala haya alikulia Nyamira, na kisa hiki alikisikia kwa wazee kabla ya kukisoma vitabuni. Hakumbuki msimulizi hata mmoja aliyesema kuwa Otenyo hakuogopa. Walichosema ni kwamba alijua. Haikuwa imetimia hata miaka 3 tangu mauaji ya 1905. Kazi ya bunduki haikuwa siri kwa mtu yeyote wa Kitutu. Tukimwita 'asiyeogopa' tunamfanya mtu asiyejua hatari, na mtu asiyejua hatari hastahili sifa kwa kuikabili. Otenyo alijua kilichokuwa ng'ambo, akavuka. Huyo ndiye jasiri kwa maana kamili ya mzizi wa neno.

Malezi ya Wagusii yenyewe yanaunga mkono fasiri hii. Mvulana aliyetahiriwa kwa desturi alitarajiwa kusimama bila kujikunja wala kulia. Vijana waliishi katika ebisarate, kambi za kulinda ng'ombe dhidi ya wavamizi, hadi serikali ya kikoloni ilipozivunja mwanzoni mwa miaka ya 1910. Jamii inayoamini kuwa watu wake huzaliwa bila hofu haina haja ya mafunzo kama hayo. Mafunzo ni ushahidi kwamba hofu inatambuliwa.

Moraa naye hakurusha mkuki. Kwake neno 'shupavu' linafaa zaidi: alikakamaa pale wengine walipolegea. Hapa mwanafunzi wa fasihi atakumbuka tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Maji yaliwapa wapiganaji imani kuwa risasi hazingewadhuru. Swali zito la tamthilia hiyo linatuhusu sisi pia: mtu aliyeondolewa hofu kwa ahadi ya kinga, je, bado ni jasiri, au ni asiyeogopa tu? Maji yaliposhindwa kuzuia risasi, waliobaki vitani ndio waliohitaji ujasiri.

Hatuna budi kusema jambo moja zaidi, hata kama linachoma. Methali husema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Waliochomewa nyumba mwaka 1908 wengi wao hawakushika mkuki, wala hawakuulizwa. Mtu wa Horace huangukiwa na vifusi peke yake. Vifusi vya Otenyo viliwaangukia majirani. Anayetumia neno 'shujaa' akumbuke kuwa kilio kimo ndani ya methali yenyewe, na kwamba kumsifu Otenyo si kuwasahau hao.

Hitimisho

Tumeona kuwa impavidus hueleza hali ya kutotishika, ilhali 'jasiri' hueleza tendo la kuvuka, 'shupavu' hueleza ugumu wa msimamo, na 'shujaa' ni hukumu ya jamii. Mfasiri asichague kwa mazoea; ajiulize kwanza kama mtajwa anasimama, anavuka, anakakamaa au anahukumiwa na wenzake. Ajiulize pia kama mtajwa aliijua hatari. Jibu la swali hilo ndilo lililomtenga Otenyo na mtu asiyeogopa tu, na ndilo linalotuwajibisha sisi tunaoandika habari zake kwa Kiswahili.