Asumini Haina Kosa

Wenye nyua na mbwa wa kulinda huko Kizingo na Tudor, Mombasa, hutuuliza sana sisi madaktari wa mifugo kama mti unaonukia waweza kumdhuru mbwa. Anayeuliza aghalabu keshampata mtuhumiwa: asumini iliyotambaa ukutani. Usiku harufu yake hujaa ua mzima, na mtu hujiambia kwamba pua ya mbwa, kwa ukali wake, lazima itaumia. Haiumii. Harufu na sumu ni mambo mawili mbalimbali. Asumini, rihani na waridi, yaani vile vile vinavyotungwa kwenye kikuba Mji wa Kale, mbwa akivitafuna havimfanyi kitu, labda achomwe na mwiba wa waridi. Mchaichai na nanaa vina kasoro ndogo: akivila kwa wingi, mafuta yaliyomo hulikera tumbo, akatapika au kuharisha, kisha akapoa.

Wa kuogopwa ni wageni walioletwa na bustani za kisasa. Wa kwanza kwangu ni Brunfelsia, kichaka cha asili ya Brazili ambacho wauza miche hukitaja kwa jina refu la Kiingereza lenye maana ya jana, leo na kesho, kwa kuwa ua lake huchanua zambarau, likapauka, kisha likawa jeupe, yote hayo kwa siku chache. Kinanukia vizuri mno. Baada ya maua huja vitunda vidogo vya mviringo, vikakauka na kupasuka, mbegu zikadondoka kivulini, palepale mbwa anapojilaza mchana wa joto. Sumu imo katika mmea mzima, lakini matunda na mbegu ndiyo mabaya zaidi. Mbwa aliyeyala hutapika, hutokwa na mate, hutetemeka, miguu hukakamaa, kisha degedege. Ukimgusa au mlango ukigongwa kwa kishindo, degedege huzidi. Mwenye nyumba hudhani mwizi amerusha nyama yenye sumu juu ya ukuta, akaanza kumtazama jirani kwa jicho baya, na kumbe mkosaji kapandwa mlangoni pake. Dawa ya kuivunja sumu hiyo hakuna. Tunachofanya ni kumtuliza mbwa kwa dawa za degedege na kumtundikia maji, pengine kwa siku kadhaa, na wengi wanaowahishwa hupona.

Olianda nayo, yenye maua ya waridi au meupe, huua kwa njia nyingine: huuvuruga moyo. Jani hata likikauka halipotezi sumu, kwa hiyo matawi yaliyokatwa yakaachwa chini yangoje kuzolewa ni hatari sawa na mti wenyewe.

Lakini pwani hatuna haki ya kuwalaumu wageni peke yao. Msunguti ni wetu. Maua yake meupe, yaliyosongamana na kunukia, mtu asiyeujua angeyadhania asumini, na kwenye mti huo ndiko Wagiriama na Wawata, wawindaji wa ndovu wa nyika ya Tsavo, walikotoa sumu ya mishale. Sumu hiyo ni ndugu ya ile ya olianda. Kuna hata panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys, ambaye hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake ubavuni. Mtafiti Jonathan Kingdon na wenzake walieleza jambo hilo mwaka 2011, baada ya watu wa Kenya kusimulia kwa miaka mingi kwamba mbwa wakimng'ata panya huyo huugua vibaya au hufa. Kisiwani Mombasa hutamkuta. Mti wenyewe, hata hivyo, huweza kupandwa kwa uzuri wake, na anayeununua asidanganywe na maua.

Hatari nyingine haimo bustanini, imo chupani. Jani la mmea lina mafuta kidogo sana. Chupa ni mafuta ya majani mengi yaliyokamuliwa pamoja. Mtu asiyethubutu kumlisha mbwa karafuu humpaka mafuta yake matupu kufukuza kupe, na mbwa huyaramba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 ulikusanya visa 443 vya mbwa na paka waliodhuriwa na mafuta ya mti wa chai wa Australia yasiyochanganywa, na visa 337 kati ya hivyo vilikuwa vya mbwa. Hata hivyo, ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunja kemikali za namna hii, na Mji wa Kale ni mji wa paka kuliko wa mbwa. Basi mafuta ya karafuu na hayo ya mti wa chai yasimguse paka kabisa, hata yakichanganywa na ya nazi.

Mbwa akishakula asichotakiwa, usimnyweshe chumvi, maziwa wala mafuta ili atapike. Chumvi yenyewe yaweza kumuua, na anayetetemeka huweza kuvuta matapishi mapafuni. Mkaa wa jikoni nao si ule wa dawa. Kama ni mafuta yaliyo mwilini, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, kisha mpeleke kwa daktari. Chukua na tawi la mmea lenye majani na tunda, ukilishika kwa mfuko wa plastiki, maana daktari akiujua mmea hatapoteza saa nzima akitafuta sumu ya panya.