"Babu, uliua watu wangapi?" Swali la mtoto ambalo mzazi hapaswi kulikimbia

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Makoko, mjini Musoma. Ni jioni. Dagaa wameshaanuliwa, mama anasonga ugali. Mtoto wa miaka minane amerudi kucheza, mkononi ana bunduki aliyojitengenezea kwa kipande cha ubao. Babu yake amekaa mlangoni anasikiliza redio. Mtoto anasimama mbele yake, anapiga saluti, kisha anauliza: "Shikamoo babu. Eti ulipigana na Amin? Uliua watu wangapi?"

Babu anazima redio. Anainuka, anaingia chumbani bila kusema neno. Mama anamfokea mtoto: "Mtu mzima anaulizwa hivyo? Toka hapa!"

Mtoto anatoka. Swali lake linatoka naye. Kwa kuwa nyumbani hakupata jibu, atalitafuta kwingine: kwenye filamu za kibanda umiza, kwenye simu ya kaka yake, au kwa wenzake wa mtaani ambao hawajui lolote kuliko yeye.

Makoko si mahali ambapo mtoto anaweza kukua bila kujua jeshi. Kata hiyo ya kando ya Ziwa Victoria ina seminari, ina shule ya lugha ambako wamisionari wageni wamekuwa wakijifunza Kiswahili kwa miaka mingi, na ina kambi ya jeshi. Mtoto wa hapo huijua sare kabla hajajua kusoma. Kwake askari ni jirani, ni baba wa rafiki yake, ni mjomba anayekuja na zawadi.

Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kwamba mtoto anaiona sare, haoni kaburi. Anasikia nyimbo za mchakamchaka, hasikii kilio cha mjane. Kazi ya kumwonyesha upande wa pili ni ya mzazi.

Majibu matatu yanayopotosha

La kwanza ni kufoka, kama alivyofanya mama huyo. Mtoto anajifunza kwamba vita ni siri ya wakubwa, na siri humvutia mtoto kuliko pipi.

La pili ni kusifia. "Babu yako alikuwa simba, aliwafyeka wote!" Anayesema hivyo hudhani anampa mtoto ujasiri. Kwa kweli anampa imani kwamba mwanaume hupimwa kwa watu aliowaangusha. Imani hiyo haitangoja Amin mwingine. Itaanza kutumika shuleni, wakati wa mapumziko.

La tatu ni kunyamaza, na hili ndilo la nyumba nyingi. Babu hasemi, bibi hasemi, baba hajui kwa sababu naye hakuambiwa. Miaka inapita, wazee wanazikwa, na mtoto anabaki na vita vya kwenye filamu, ambavyo shujaa hupigwa risasi sehemu ya kwanza na kurudi mzima sehemu ya pili.

Mweleze vilivyokuwa

Mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa habari ya Vita vya Kagera ikisemwa kwa ufupi na ukweli. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuingia mkoani Kagera, kisha Amin akatangaza kwamba eneo lile ni lake. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, raia wakauawa. Novemba 2 mwaka huo Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa kwamba Tanzania itapigana.

Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuliwa kwa haraka hadi zaidi ya 100,000. Waliingizwa polisi, vijana wa JKT na mgambo kutoka vijijini. Mkoa wa Mara, ambao tangu zamani vijana wake wengi wamekuwa wakijiunga na jeshi, ulitoa wana wake. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na mapigano yakamalizika mwanzoni mwa Juni.

Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia, penye ushindi. Mzazi asiishie hapo. Amwambie mtoto kwamba kule Kaboya, wilayani Muleba, kuna makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita hivyo, safu kwa safu. Kila aliyelala pale alikuwa na mama aliyemsubiri. Na askari wa Uganda waliokufa nao walikuwa na mama zao, ingawa wengi wao hawakuulizwa kama wanataka vita.

Amweleze pia habari ya Machi 29, 1979. Ndege ya kivita ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilirusha mabomu Mwanza, ng'ambo ya ziwa hilihili wanaloogelea watoto wa Makoko. Shabaha ilikuwa ghala la mafuta. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Mtoto atacheka. Mwache acheke, kisha muulize: kama yangeangukia shule, je? Hapo ataelewa kwa nini wazee husema vita havina macho.

Vita huingia jikoni

Kuna sehemu ya habari hii ambayo bibi anaijua kuliko babu. Vita vilipokwisha, Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikawa miaka. Vita viligharimu mamia ya mamilioni ya dola, katika nchi ambayo tayari ilikuwa imebanwa na bei ya mafuta na ukame. Sabuni ikawa ya kupangia foleni. Sukari ikawa ya kugawiwa. Wapo waliofulia majani ya mpapai na walioolewa bila gauni jipya.

Mama anayemwambia mwanawe habari hii anamfundisha jambo ambalo filamu haiwezi kumfundisha: kwamba bunduki hulipiwa, na pesa yake hutoka kwenye unga, daftari na dawa. Risasi ikilia mpakani, sufuria hupungukiwa hata katika nyumba ambayo haikumpeleka mtu vitani.

Si habari ya zamani tu. Desemba 7, 2017, walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja mashariki mwa Kongo. Walikwenda kulinda raia, si kuteka nchi. Lakini maiti zilirudi, na kuna watoto nchini humu ambao tangu mwaka huo wanamjua baba kwa picha. Mwanzoni mwa 2025, mji wa Goma ulipotekwa, video za risasi na miili zilifika kwenye simu za Musoma siku ileile, zikisemwa kwa Kiswahili. Mtoto hahitaji tafsiri. Anachohitaji ni mtu mzima aliyekaa karibu naye.

Mwana wa Butiama

Wazazi wa Mara wana mfano ulio karibu nao. Mtu aliyeamuru vita vya 1978 amelala Mwitongo, Butiama, mwendo mfupi kwa gari kutoka Musoma.

Si kweli kwamba Mwalimu alipinga silaha maisha yake yote. Alizipa hifadhi harakati za ukombozi za Kusini mwa Afrika, zikiwamo zilizoshika bunduki. Lakini alijua hatari ya jeshi lisilo na adabu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na baada ya maasi kuzimwa alilivunja jeshi lile na kuunda jingine upya.

Jambo ambalo watoto wetu hawaambiwi vya kutosha ni alivyoitumia miaka yake ya mwisho. Burundi ilikuwa ikiungua tangu 1993. Mzee aliyekwishastaafu, ambaye angeweza kukaa Butiama akilima mahindi yake, alikubali kuwa msuluhishi. Kuanzia 1996, kwanza Mwanza na baadaye Arusha, aliwaketisha watu waliokuwa wakiuana na kuwasikiliza wakitukanana siku nzima. Alifariki Oktoba 14, 1999, kazi haijakwisha. Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa saini Arusha Agosti 28, 2000.

Mwambie mtoto hivi: kumpiga Amin kulichukua miezi michache, kuwapatanisha Warundi kulichukua miaka, na aliyeanza hakuuona mwisho wake. Kisha muulize ipi ilikuwa kazi ngumu zaidi. Ukipata nafasi, mpeleke kwenye makumbusho ya Butiama akaone mwenyewe.

Jirani wasioshika silaha

Kuna mfano mwingine, nao uko jirani. Nje kidogo ya mji wa Musoma ni Bukiroba, penye chuo cha theolojia cha Wamennonite. Kanisa lao lilifika Mara mwaka 1934, likaanzia Shirati, na wenyeji wengi wanalijua kwa hospitali yake. Wasichokijua wengi ni kwamba mafundisho ya kanisa hilo, tangu karne ya 16 huko Ulaya, yanakataa mwumini kushika silaha na kuua, hata kwa amri ya serikali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya vijana wao wa Marekani walikataa kwenda vitani, wakapangiwa kazi nyingine: kuzima moto wa misitu, kulima, kuhudumia wagonjwa wa akili.

Je, huo si woga? Ni swali la haki, na mtoto mkubwa atauliza. Wamennonite wenyewe hujibu kwa kisa cha Dirk Willems wa Uholanzi. Mwaka 1569 alitoroka gerezani alikofungwa kwa imani yake. Askari akamfukuza. Dirk akavuka bwawa lililoganda barafu, askari nyuma yake akatumbukia majini. Dirk angeweza kuendelea kukimbia. Alirudi, akamwokoa aliyekuwa akimfukuza. Alikamatwa palepale, na baadaye akachomwa moto.

Mzazi si lazima akubaliane na imani hiyo. Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba mwaka 1978 kupigana kulikuwa wajibu, na wana hoja. Lakini mtoto anayesikia pande zote mbili anajua kwamba ujasiri una sura zaidi ya moja, na kwamba kukataa kuua si sawa na kukimbia.

Vita vya karibu zaidi

Kwa wazazi wa Mara, mjadala huu hauishii Kampala wala Goma. Tarime na Serengeti zinajulikana kwa mapigano ya koo yaliyozuka mara kwa mara, chanzo kikiwa ardhi, mipaka na wizi wa ng'ombe. Vijana wameuana kwa mishale na mapanga, nyumba zimechomwa, wanawake wamekimbia na watoto mgongoni. Hakuna aliyezaliwa akiuchukia ukoo wa jirani. Aliambiwa, na mara nyingi aliambiwa nyumbani.

Lakini jamii hizohizo zina njia zake za kukaa na kusemezana. Wakurya wana ritongo, mkutano ambao wazee na wananchi husikiliza kesi na kutoa uamuzi. Mtoto aliyewahi kumwona babu yake akitembea umbali mrefu kwenda kumaliza ugomvi wa watu amejifunza amani bila kuhubiriwa.

Hapa mzazi ajiangalie na yeye. Ukimchapa mtoto kwa sababu amecheza na bunduki ya ubao, umemfundisha kwamba mwenye nguvu hushinda hoja kwa fimbo. Ubao ule haukuwa na hatari. Fimbo ndiyo aliyoielewa.

Cha kufanya nyumbani

Kwa mtoto chini ya miaka sita, usimwonyeshe picha za maiti wala usimpe maelezo marefu. Akiogopa, mwambie ukweli mfupi: watu wamegombana huko mbali, wapo wanaojaribu kuwapatanisha, na wewe upo naye.

Kwa mwenye miaka saba hadi kumi na mbili, acha mchezo uendelee, ila ukae uulize maswali. "Huyo uliyempiga risasi anaitwa nani? Nani atampelekea mama yake taarifa?" Usihubiri. Swali moja linatosha kwa siku.

Kwa kijana, zungumza naye kama mtu mzima. Akimaliza kidato cha sita huenda akapangiwa JKT, labda Rwamkoma hapohapo Butiama. Atajifunza ukakamavu na kazi, atashika silaha. Kabla hajaondoka, ajue wazazi wake wanafikiri nini kuhusu silaha hiyo, na yeye aseme anavyofikiri.

Na kwa mzee aliyepigana, asilazimishwe. Wapo ambao mpaka leo hushtuka usingizini. Ukimya wao si ukali, ni jeraha. Ikiwa hali ni nzito, hospitali na ofisi ya ustawi wa jamii ni mahali pa kuanzia. Ikiwa yuko tayari kuzungumza, Siku ya Mashujaa, Julai 25, ni siku nzuri ya kumwomba kwa heshima.

Turudi kwenye ile nyumba ya mfano. Mama ameshusha ugali. Anakwenda mlangoni kwa mzee, anabisha hodi. "Baba, samahani. Mtoto ameuliza vibaya, lakini ameuliza. Mimi mwenyewe sijui nimwambie nini."

Si kila mzee atatoka. Lakini akitoka, jibu lake huenda likawa fupi kuliko tulivyodhani. "Mjukuu wangu, waliokufa kwa mkono wangu sikuwahesabu. Niliwahesabu wenzangu ambao hawakurudi. Kaa hapa nikutajie majina yao."