Umubirizi: Mti Mchungu Unaompasa Askari Kuujua

Askari apangwaye lindo katika mji wa Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu, aghalabu hupita kando ya ua wa kichaka kirefu asijue kwamba amepita mbele ya dawa, mboga na malisho ya nyuki. Kichaka hicho ni umubirizi. Wahaya na Wanyankole nao hukiita kwa jina lilo hilo. Waganda husema mululuza, na Waluo olulusia. Wataalamu wa mimea hukiita Vernonia amygdalina. Ni cha jamaa moja na alizeti, na pia pareto ilimwayo katika miinuko ya Rubavu, Nyabihu na Musanze.

Kukitambua si kazi ngumu. Kwa kawaida huwa na urefu wa mita 2 hadi 5. Gome lake ni la kijivu na lina mikwaruzo. Majani yamechongoka kama ncha ya mkuki, na huweza kufikia sentimita 20. Maua ni madogo, meupe, hukaa kwa vishada, na harufu yake huwavuta nyuki. Jani likitafunwa, uchungu wake hausahauliki. Lakini uchungu pekee si ushahidi wa kutosha, kwa maana alizeti mwitu iotayo kando ya barabara nayo ni chungu. Hiyo ina maua makubwa ya manjano, na majani yake mengi yamegawanyika kama vidole.

Anayetaka kuupanda na akate kijiti kilichokomaa, unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 30 hivi. Mvua zinapoanza, mwezi wa Septemba au Machi, akichomeke ardhini kwa kukilaza upande kidogo, ili machipukizi yawe mengi. Vijiti vikipandwa kwa mstari hufanya ua imara kuzunguka kambi au nyumba. Mti ukatwe matawi mara kwa mara ili utoe majani mapya, na machache yaachwe yachanue kwa ajili ya nyuki.

Matumizi yake ni mengi. Nchini Nigeria na Kamerun majani hufikichwa na kuoshwa kwa maji mara kadhaa mpaka uchungu upungue, kisha yakapikwa kama mboga. Katika nchi zetu, wazee huyaponda na kunywa maji yake kwa minyoo, maumivu ya tumbo na homa, na wafugaji huwanywesha mifugo.

Hata wanyama wanaujua. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa dawa za miti, walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku akiwa mgonjwa. Alivunja tawi la mti huu, akamenya gome, akatupa majani, akatafuna kiini na kufyonza maji yake. Siku iliyofuata alikuwa na nguvu tena. Basi ndugu askari, zingatia jambo hili: sokwe huyo aliacha majani na gome, ambavyo vina sumu zaidi. Aliyejua dawa alijua pia kipimo.

Hapo ndipo hatari ilipo kwetu. Askari anayehamishwa kutoka Rubavu kwenda nyanda za chini za mashariki hukutana na mbu wengi zaidi. Homa ikimshika, hushawishika kunywa kikombe cha umubirizi na kurudi lindoni. Malaria kali haingoji. Huweza kuua kwa muda wa siku chache.

Historia ya majeshi inatufunza. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, kwa kuwa ugonjwa huo uliwaangamiza askari wa Vietnam ya Kaskazini. Bibi Tu Youyou aliipata katika mmea mwingine wa jamaa hii ya alizeti, Artemisia annua, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini aligundua kwamba joto la kuchemsha huharibu nguvu ya dawa, akabuni njia nyingine ya kuitoa. Ndiyo maana leo dawa hiyo hutolewa kwa vidonge vyenye kipimo, pamoja na dawa ya pili.

Kwa hiyo panda umubirizi, ule mboga yake, uwafugie nyuki. Mja mzito asinywe maji yake, na anayetumia dawa za kisukari amwulize daktari kwanza. Homa ikianza, nenda siku hiyo hiyo ukapimwe damu kituoni au kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Mwenzako wa lindo akitetemeka kwa homa, usimpe kikombe cha majani machungu: mpeleke.