Hesabu ya Wagonjwa Inaenda Wapi?



Hapa Mwadingusha, tukienda kutafuta dawa, tunaona munganga anaandika kwanza mu daftari, na sisi tunachoka kungojea. Basi tuelezane sababu.

Kila mgonjwa ana mstari wake: umri, kijiji, ugonjwa, dawa aliyopewa. Mwisho wa mwezi, sentre ya afya inahesabu ile mistari na kujaza ripoti. Ripoti inafika ku ofisi ya zoni ya afya. Kule wanaiingiza mu kompyuta, mu programu DHIS2 yenye ilitengenezwa ku Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Toka pale, wakubwa wa Lubumbashi na Kinshasa wanaiona pia. Kongo iko na zoni zaidi ya 500. Bila hesabu, nani atajua dawa zipelekwe wapi?

Tushike jambo moja. Namba 0 na nafasi tupu si kitu kimoja. 0 inasema: tulitafuta surua, hakuna. Nafasi tupu inasema: hatujui. Mtu akizichanganya, surua inatembea kimya. Na toka 2019 mpaka mwanzo wa 2020, surua iliua watu zaidi ya 6000 mu inchi yetu, wengi wao watoto.

Kompyuta haiwezi kujua kama tulidanganya ku daftari. Kwa hiyo, ndugu, tuseme umri wa kweli na kijiji cha kweli. Na tuchunge vizuri karti za chanjo za wadogo wetu.