Lugha Tuliyoiacha Ufuoni

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Methali hii nimeifundisha kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, nikaichambua umbo na maana mbele ya wanafunzi wasiohesabika, na kila mara nikajiona nimeielewa barabara. Msimu wa kaskazi uliopita niliyafika maji yenyewe, na ndipo nilipotambua kwamba mwalimu alikuwa bado mwanafunzi.

Tulikuwa wanne, marafiki wa tangu enzi za chuo kikuu: tabibu mmoja, mhasibu wa benki, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, na mimi mwandishi wa makala haya. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiahidiana kwamba siku moja tutaziacha kazi zetu za bara twende pwani, si kwa mkutano wala kwa harusi, bali kwa mapumziko halisi. Mhasibu ndiye aliyependekeza kisiwa cha Wasini, na ndiye aliyeshikilia kwamba safari hiyo haitakuwa na maana tusipopiga mbizi kwa mitungi ya hewa, kama wafanyavyo watalii watokao Ulaya. "Kwani bahari ni ya wageni peke yao?" alituuliza. Hatukuwa na jibu, tukafunga safari.

Msomaji ambaye hajafika huko na ajue kwamba Wasini ni kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita tano hivi, kilichotengwa na kijiji cha Shimoni kwa mlango wa bahari, katika kaunti ya Kwale, si mbali na mpaka wetu na Tanzania. Hakina magari, na maji matamu ni ya tunu, kwa kuwa ardhi yake ni mwamba wa matumbawe. Wenyeji wake wengi ni Wavumba, wasemao Chivumba, lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa hapo na pande za Vanga, ambayo mtafiti H. E. Lambert aliiandikia kitabu mwaka wa 1957. Kusini mwa kisiwa ndiko iliko Mbuga ya Kitaifa ya Baharini ya Kisite, yenye eneo la kilomita 28 za mraba, pamoja na hifadhi ya Mpunguti yenye kilomita 11 za mraba. Mbugani uvuvi umekatazwa kabisa. Katika hifadhi, wavuvi huruhusiwa kutumia zana zao za jadi.

Asubuhi ya siku ya pili tuliabiri mashua kuelekea Kisite. Bahari ilikuwa shwari kama maziwa kwenye kitasa, na pomboo walitusindikiza mwendo mrefu. Mkufunzi wetu alikuwa kijana wa papo hapo kisiwani, mwenye cheti na uzoefu, ambaye tulipokuwa tukishuka ngazi za gati tulimsikia akitaniana na wenziwe kwa Chivumba kitamu. Lakini alipotugeukia sisi ili kutupa maelezo ya usalama, aliyatoa kwa Kiingereza, kwa kasi ya mtu aliyekwisha kuyakariri na kuyasema mara elfu. Tulitikisa vichwa. Wote wanne tulikuwa na shahada. Nani angekiri kwamba hakuelewa?

Maelezo yale hayakuwa ya mzaha. Mtu akizama mita 10 tu, kani inayomkandamiza huwa imefika maradufu ya ile ya juu ya maji. Mabadiliko makubwa zaidi basi humpata katika mita zile za mwanzo, kabla hajafika kina cha kumtisha. Hewa iliyo nyuma ya kiwambo cha sikio hubanwa, na kiwambo husukumwa ndani. Dawa yake ni kuziba pua na kupulizia ndani taratibu ili hewa ipenye masikioni, na kufanya hivyo kila mara ushukapo, kabla maumivu hayajaanza. Ukiona maumivu, usiendelee kushuka. Fauka ya hayo, usibane pumzi kamwe unapopanda juu, kwa maana hewa iliyomo mapafuni hutanuka kadiri kani inavyopungua, nayo yaweza kuyapasua mapafu.

Kisha kukawa na ishara. Chini ya maji hakuna kusema, na mzamiaji huongea kwa mikono. Kidole gumba kikiinuliwa maana yake si "sawa", kama tulivyozoea nchi kavu. Maana yake ni "twende juu". Anayetaka kusema "sawa" huunganisha ncha ya gumba na ya kidole cha shahada zikafanya duara. Mimi nilifurahi mno kusikia hayo, kwa sababu ni mfano safi wa jambo nilifundishalo katika muhula wa kwanza: kwamba uhusiano baina ya ishara na maana yake ni wa makubaliano tu. Furaha ya msomi yaweza kumsahaulisha kuwa anasikiliza jambo la uhai na kifo.

Tukajifunga mikanda ya vipande vya risasi, tukavaa mapezi miguuni na miwani usoni, tukauma vipumulio, tukazama.

Sina uwezo wa kuyaeleza yote niliyoyaona. Nitataja moja. Katika darasa langu nimezoea kueleza msemo wa kulala kama pono, kwamba ni kulala usingizi mzito. Wanafunzi huniuliza pono ni nini, nami huwajibu kuwa ni samaki, tukaendelea. Pale Kisite, kwenye kina cha mita nane hivi, nilimwona pono kwa mara ya kwanza maishani: samaki mnene wa rangi ya kijani na samawati, mwenye mdomo mgumu kama wa kasuku, akiguguna mwamba wa matumbawe. Niliisikia sauti ya meno yake kama ya mtu atafunaye bisi. Baadaye nilisoma kuwa matumbawe ayatafunayo huyatoa yakiwa mchanga, na kwamba sehemu ya mchanga mweupe tunaotembelea ufuoni ni kazi ya pono na jamaa zake. Usiku baadhi yao hujifunika kwa utando wa ute wanaoutoa wenyewe, wakalala fofofo hata mzamiaji aweza kuwakaribia. Wazee waliobuni msemo ule hawakuwa wakipamba maneno. Walikuwa wameona.

Hapo ndipo nilipogeuka kumtafuta rafiki yangu mwalimu nimwonyeshe, nikamkosa.

Kisa chake tulikuja kukipanga baadaye. Mkufunzi alipomwuliza kwa duara la vidole kama mambo ni sawa, mwalimu alimjibu kwa gumba, kama ambavyo angemjibu mwanafunzi wake uwanjani. Mkufunzi akampandisha juu. Wakashuka tena, akaulizwa, akasahau, akainua gumba, akapandishwa tena. Mara ya tatu mwalimu aliona haya. Alijua kuwa anatuchelewesha, na mtu mzima haridhii kuwa kichekesho. Kwa hiyo masikio yalipoanza kumuuma kama yanayochomwa sindano, na mkufunzi akamwuliza, alifanya duara zuri kabisa la "sawa", akaendelea kushuka. Alipotolewa majini, miwani yake ilikuwa na damu iliyotoka puani, na sikio la kushoto halikuwa likisikia.

Tabibu wetu alimpima palepale mashuani kadiri alivyoweza, na jioni tulimpeleka hospitalini. Kiwambo cha sikio kilikuwa kimetoboka. Namshukuru Mola kwamba kilipona baada ya wiki kadhaa, ingawa lingaliweza kumpata baya zaidi. Nilipomwuliza kwa nini hakuzibua masikio kama tulivyoelezwa, alinitazama kwa mshangao. Neno la Kiingereza alilolitumia mkufunzi yeye alilijua kutokana na mpira: timu iliyofungwa inaposawazisha bao. Alidhani anaambiwa asimtangulie mwenzake wala asimwache nyuma, wawe sawa kwa sawa. Tabibu alilielewa kwa sababu ya taaluma yake. Mhasibu alimwiga tabibu. Mimi niliokolewa na mazoea ya kusafiri kwa ndege. Mwalimu wa Kiswahili peke yake ndiye aliyeshuka bila neno.

Kesho yake jioni tuliketi barazani pamoja na mzee mmoja mvuvi, babu yake yule mkufunzi. Tulimwamkia, akatuitikia, kisha akaliona pamba lililokuwa sikioni mwa mwenzetu.

"Kwani hakuzibua masikio?" akauliza.

Akatueleza kwamba ujanani mwao walikuwa wakizama bila mtungi wala kipumulio kutafuta kamba na pweza, na kwamba mtoto hakuruhusiwa kuzama kabla hajajua kuziba pua na kuyazibua masikio. Maelezo yake yalichukua dakika moja, na hapakuwa na neno hata moja ambalo mtoto wa darasa la tatu asingalielewa. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Wewe hukuwaambia?"

"Niliwaambia, babu," kijana akajibu kwa upole. "Lakini niliwaambia kwa Kizungu. Hawa ni watu wa Nairobi, wamesoma. Nilidhani ndicho wakitakacho."

Msomaji mpenzi, nimesahihisha tasnifu nyingi juu ya hali ya Kiswahili katika nchi hii, lakini sijapata kusoma hukumu iliyotuchoma kama ile. Wala haikuwa hukumu juu ya kijana. Tulipopanda mashua yake tulimsalimu kwa Kiingereza. Tuliuliza bei kwa Kiingereza. Mimi, niliyepata shahada ya uzamifu kwa kuichunguza lugha hii, sikufumbua kinywa kusema, "Ndugu yangu, hebu tueleze tena kwa Kiswahili." Ilhali uzamifu wenyewe, ukilitazama neno, ni kuzama!

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo ya kisasa kama haya, maadamu kipumulio kilivumbuliwa na Wafaransa, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, mwaka wa 1943. Hoja hiyo ni dhaifu. Chombo kilibuniwa huko, lakini bahari ilikuwa yetu kabla ya chombo. Lugha iliyo na kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, mkondo na kilindi, haishindwi kumweleza mtu asitoboke sikio. Neno lilikuwapo. Lilikuwa limeketi barazani pamoja na mzee, likingoja kuulizwa.

Wengine watasema kuwa utalii ndio uleao kisiwa kile, na mgeni huja na lugha yake. Nakubali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisemi kijana yule aache Kiingereza, ambacho ndicho kimpatiacho riziki. Nasema kwamba mwenyeji naye ana haki ya kupona. Ibara ya saba ya Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Itakuwa na maana gani ikiwa Mkenya ataweza kusikiliza hotuba kwa lugha yake uwanjani, lakini pale uhai wake unapokuwa hatarini, katika mashua, hospitalini, au kwenye karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa, hulazimika kubahatisha?

Tuwaamuru basi, wale wenye mamlaka ya kutoa leseni, kwamba maelezo ya usalama baharini yapatikane pia kwa Kiswahili, kwa kusemwa na kwa kuandikwa. Hilo halihitaji bajeti wala tume.

Sisi wa vyuo vikuu nasi tuna deni. Mashuani tulipewa kadi ya plastiki yenye picha za samaki. Majina yalikuwa ya Kiingereza na ya Kilatini. La Kiswahili halikuwapo hata moja. Usiku ule mzee aliipokea kadi hiyo, akaisogeza karibu na taa, akataja mmoja baada ya mwingine: kitatange, chewa, mkunga, changu, kolekole, tafi ambaye wengine humwita tasi. Alijua yupi hukaa mwambani na yupi hupita na maji yakijaa. Ukiyatafuta majina kama hayo katika kamusi zetu, aghalabu utaambiwa tu kuwa ni "aina ya samaki". Padre Mfaransa, Charles Sacleux, aliyechapisha kamusi yake mwaka wa 1939, alijitahidi kuvitambulisha viumbe kwa majina ya kisayansi. Ni aibu kwamba kwa jambo hili twamtegemea yeye, ilhali wazee wenye elimu hiyo wangalipo na mabaraza yao yako wazi.

Nchi yetu ilikuwa mwenyeji wa kongamano kubwa la uchumi wa samawati jijini Nairobi mnamo Novemba 2018, na tangu hapo hatukomi kuambiwa kwamba utajiri wetu wa kesho umo baharini. Huenda ukawa kweli. Lakini sijui taifa litavunaje utajiri ambao haliyajui majina yake.

Mwalimu amerejea kazini, na sikio lake lasikia. Aliniambia juzi kwamba siku ya kwanza ya muhula aliwafundisha wanafunzi wake kuzibua masikio kabla ya kuwafundisha ngeli. Mwakani tutarudi Wasini, wote wanne, Mungu akipenda. Tumekwisha kumpigia simu kijana yule. Tumezungumza kwa Kiswahili.