Gari la Maksai na Mlima wa Timboroa

Makumbusho ya zamani yalikuwa na amri moja kwa mgeni, nayo ni kutogusa kitu. Lakini katika zama zetu imezuka namna nyingine, ambayo kwayo mgeni hualikwa apande, avute na kupima uzito kwa mikono yake mwenyewe. Mfano ulio bayana ni jumba lililofunguliwa mwaka 2002 mjini Casper, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, ambamo wageni huketi ndani ya gari lililofunikwa turubai, likayumba na kutikisika huku picha za mto North Platte zikipita mbele yao, ili waonje hofu ya wahamiaji wa karne ya kumi na tisa waliokuwa wakielekea Oregon, masafa ya maili zipatazo 2,000.

Ufundi huo nausifu, ila una hadaa ndani yake, kwa kuwa wahamiaji wale aghalabu hawakupanda. Gari lilibeba unga, nyama ya chumvi, zana na wagonjwa. Wenye afya, hata watoto, walitembea kando yake, maana kila ratili iliyoongezwa iliangukia shingo za maksai.

Njia ya jinsi hiyo tunayo hapa kwetu Kenya, nayo hupita Timboroa, kwenye urefu wa futi 9,000 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na mstari wa ikweta. Mwaka 1908 kaumu ya Makaburu, watu zaidi ya mia mbili chini ya Jansen van Rensburg, waliteremka Mombasa kutoka kusini mwa Afrika, wakapanda reli hadi Nakuru, kisha wakaukwea ukingo wa Bonde la Ufa kwa magari ya maksai, wasifike uwanda wa Uasin Gishu hata mwezi wa Oktoba. Leo basi liondokalo Nakuru asubuhi huwa Eldoret kabla ya adhuhuri.

Gari lao halikufanana na lile la Oregon, lililovutwa aghalabu na maksai wanne hadi sita. La Makaburu lilihitaji kumi na sita au zaidi, wakafungwa nira wawili wawili, na nira zote zikashikamanishwa kwa mnyororo mmoja mrefu, huku kijana akitangulia ameshika kamba ya jozi ya kwanza, na dreva akifuata na mjeledi. Jozi moja ikilegea, mzigo wake huhamia kwa jozi nyingine. Penye tope, magogo yalitandikwa, na maksai wa gari la nyuma wakafunguliwa na kutangulizwa mbele ya wale wa kwanza, hata gari moja likawa na wanyama thelathini na wawili. Kwenye mteremko hatari iligeuka ikawa kasi, na hapo breki ya mbao ilibanwa kwa nguvu juu ya gurudumu.

Kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924, bidhaa za mji huo, uliokuwa ukiitwa 64 kwa nambari ya shamba, zilipandishwa kwa magari hayo kutoka stesheni ya Londiani. Husimuliwa kwamba sefu ya benki ya kwanza ilianguka ilipokuwa ikishushwa, na kwa uzito wake haikuinulika, basi benki ikajengwa kuizunguka. Wenyeji hupenda kisa hiki, nami sioni sababu ya kuwanyima.

Lakini makumbusho ya magari haya yana ila kubwa zaidi kuliko viti: mgeni huwekwa daima upande wa msafiri. Uwanda ule ulipewa jina la Wamaasai wa Uasin Gishu, waliovunjwa vitani katika karne ya kumi na tisa, na Wanandi na Wakeiyo wakawa wakilisha humo na kandokando yake. Serikali ya Kiingereza iliupa hukumu ya ardhi tupu, nayo ikawapiga Wanandi, ambao kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905.

Kwa hiyo iwapo makumbusho ya njia hii yatajengwa Timboroa, mgeni asiketishwe. Apewe kamba ya jozi ya kwanza, autembee mlima kwa miguu, kisha asimamishwe penye malisho, alitazame gari likija upande wake. Na wazee ambao baba zao waliongoza maksai wale wahojiwe na sauti zao zihifadhiwe sasa, kabla hata jiwe la msingi halijawekwa.